Mfano Mmoja

4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wa Baba, ambao umegoma tena baada ya kubeba friji ya mteja peke yake kwa kuona haya kuomba msaada. Sasa analala sakafuni na kutoa amri. Jicho la kushoto la Bibi limezidi kuingia ukungu. Daktari anasema operesheni yenyewe ni fupi. Bibi anasema hata kufa ni kufupi. Chumba cha nyuma amekwisha kukifagia kwa ajili yako, kana kwamba umekwisha kupata kazi huku. Amemtoa Baba humo na vipuri vyake vyote, kwa hiyo nyumbani hakukaliki.

Bahasha yako ya maombi imefika. Niliifungua mimi, maana kufungua bahasha ndiyo kazi yangu ya asubuhi. Nilipoona jina lako nilibaki nimesimama pale mezani, kisu cha karatasi mkononi, kama mtu aliyekamatwa. Hukuniambia kama utaomba. Tangazo la nafasi hii, ya mtafiti wa mantiki katika sayansi ya kompyuta, nililichapa mimi mwenyewe, na wakati nalichapa nilikufikiria. Sikukuandikia, na nadhani unajua kwa nini.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa idara kumweleza kwamba wewe ni dada wa baba yangu. Alinishukuru. Faili lako sasa analishika karani mkubwa, ambaye sisi wadogo tunamwita Bi Muhtasari, na mimi sitaligusa. Naomba unielewe, Shangazi. Niko katika muda wa majaribio hadi mwisho wa mwaka. Mkuu ni mpole kwa mambo mengi, lakini anayo sheria moja isiyo na msamaha: anayemdokezea mwombaji jambo lolote la usaili, hata kwa neno moja, anaondoka siku hiyo hiyo. Aliyekalia kiti hiki kabla yangu aliondoka hivyo. Mwavuli wake bado unaning'inia nyuma ya mlango. Hakupewa nafasi ya kuurudia.

Kwa hiyo tafadhali usiniulize chochote kuhusu nafasi hii. Niulize kuhusu Bibi.

Mwanao.


21 Machi

Karani wangu,

Marahaba. Mwambie kaka yangu kwamba akiendelea kubeba friji peke yake, siku moja atawekwa ndani yake. Na Mama afanyiwe hiyo operesheni. Asikutishe na habari za kufa. Alianza kufa nikiwa darasa la nne na mpaka leo anatushinda wote kwa kula.

Sasa wewe. Umeona jina la shangazi yako, ukatoka mbio kwenda kuripoti kama mtu aliyeona moshi. Hongera. Ulivaa viatu, au ulikwenda hivyo hivyo? Nani alikuomba msaada? Nimeomba kazi ya kufikiri, sikuomba kubebwa mgongoni, na mgongo wa ukoo wetu tunaujua.

Nakuandikia kutoka chumba ninachokigawana na printa ya ghorofa nzima. Kila anayekuja kuchapa anausalimu mgongo wangu. Mkataba wangu unaisha Desemba. Ni wa mwaka mmoja, kama uliotangulia, na uliotangulia huo. Nina mvi, nimefundisha watu ambao leo ni wakubwa zangu, na mlangoni pangu bado pameandikwa kwamba mimi ni wa muda. Nafasi ya hapo kwenu ni ya kudumu. Sitaiona nyingine ya namna hiyo kabla hawajanistaafisha, na nikiipata narudi nyumbani. Umenielewa uzito wake? Basi usinizungukezunguke na hofu zako.

Bibi akikuuliza nafanya nini, mweleze hivi. Kompyuta hufanya kazi nyingi kwa pamoja, na sehemu za programu moja zikigombea kitu kimoja huweza kukwamishana, kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, kila mmoja akimwambia mwenzake pita wewe. Mimi nimethibitisha kwamba programu yoyote inayotimiza masharti yangu manne haitakwama kamwe. Sisemi mara chache. Nasema kamwe. Na uthibitisho wenyewe umekaguliwa na kompyuta, mstari kwa mstari. Kompyuta haina mkuu wa idara wa kukimbilia.

Swali moja tu, tena la kawaida: yule profesa ambaye kila sentensi huianza na "kwa hiyo" bado yupo?

Shangazi yako, moshi ulioripotiwa.


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba anasimama sasa, ingawa anasimama kama alama ya kuuliza. Nilimweleza Bibi habari ya mlango mwembamba. Alisikiliza vizuri, akasema, "Si mkubwa atangulie? Kinachowasumbua ni nini?" Nilijaribu kumweleza kwamba katika kompyuta hakuna mkubwa. Akasema ndiyo maana zinaharibika.

Profesa uliyemuulizia yupo. Wanafunzi wanamwita Kwahiyo na nadhani anajua. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na barua yako nimeitoa ofisini ndani ya soksi.

Kuna jambo dogo. Ofisi inaomba mfano mmoja wa programu inayotimiza masharti yako yote manne. Mmoja tu. Unaweza kuwa mfupi, hata wa nusu ukurasa. Ni vizuri uwe nao tayari kabla ya usaili. Naandika hili kama karani na si kama ndugu, na ningeomba usimwandikie Bi Muhtasari kuhusu jambo hili, kwa sababu ana shughuli nyingi. Ukiwa na swali niulize mimi.

Bibi amekubali operesheni kwa sharti kwamba Baba afanyiwe ya mgongo. Bado wanabishana.

Mwanao.


26 Aprili

Karani,

Marahaba. Mwambie Mama kwamba jicho lake halihusiani na mgongo wa mtu. Mwambie baba yako vilevile. Wakiendelea na hiyo biashara yao, mmoja atakuwa kipofu na mwingine amepinda, na wewe utawaongoza wote wawili kwa kuogopa.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa nikitafuta mahali ilipoandikwa na mtu mwenye shahada. Mfano? Nimekuambia nimethibitisha kwa programu ZOTE. Aliyethibitisha kwa zote anadaiwa mmoja? Ukiambiwa kwamba kila namba inayogawanyika kwa nne inagawanyika kwa mbili, unaomba uletewe namba uione sura yake? Mfano ni wa mwenye wasiwasi. Uthibitisho ni wa mwenye hakika. Ndiyo tofauti kati ya kiti changu na chako.

Tena nimelichukua tangazo, hilo ulilolichapa kwa mikono yako, na nimelipitia mpaka kwenye nukta ya mwisho. Wasifu, barua tatu za wadhamini, uthibitisho mmoja uliokaguliwa na kompyuta. Hakuna mfano. Hakuna popote. Na wewe uliniambia faili langu huligusi. Hulishiki faili, lakini unalidai karatasi? Halafu nisimwandikie karani mkubwa, eti ana shughuli!

Nakujua, mwanangu. Najua unachokumbuka. Ulipomaliza chuo na kusema unataka kuendelea na mantiki, baba yako aliniuliza, nikamjibu ukweli: mtoto huyu anaogopa kukosea, na kazi hii ni ya kukosea kila siku. Naona umepata kijimlango cha kunilipizia. Kinakutosha?

Shangazi yako.


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bibi amefanyiwa operesheni na imekwenda salama. Amefungwa bandeji na anamshutumu kila anayeingia chumbani kwamba amenenepa, ingawa hamwoni.

Uliyosema juu yangu kwa Baba niliyasikia siku ile ile. Nilikuwa jikoni. Sikuwahi kukuuliza na sikuulizi sasa. Nimekaa kwenye kiti ambacho ulinichagulia, nafungua bahasha, nachapa, na kila siku nafika kwa wakati. Kama ningetaka kukulipizia ningekaa kimya. Naomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu siwezi kuiandika kwa urefu zaidi.

Acha nikusimulie kazi yangu, maana hujawahi kuiuliza. Siku za usaili mimi hukaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, na jagi la maji na glasi kwenye sinia. Mlango wa chumba hicho umevimba kwa unyevu na haufungi hadi mwisho. Mwaka jana alitoka humo mwombaji mmoja, mtu mzima, mwenye tai nzuri, akanywa glasi mbili, akaniuliza choo kiko wapi, na hakurudi. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi siku hiyo. Alikuwa ameulizwa swali moja tu.

Sijasema swali gani. Tafadhali ona kwamba sijasema.

Mfano mmoja, Shangazi. Hata wa kitoto. Uwe nao mfukoni tu, usiutume kwa mtu.

Mwanao.


22 Mei

Kwa Karani wa Bahasha,

Nafurahi kwa jicho la Mama. Nimempigia simu mwenyewe na amenishutumu kwamba nimekonda, kwa kusikia sauti. Kwa hiyo kuhusu familia tumemaliza.

Hadithi ya mtu mwenye tai imenichosha. Unanitisha kwa watu waliokwenda chooni? Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu wenye ndevu na vyeo waliotamani nikosee, na sikuwahi kuomba maji. Wewe ndiye unayenywa glasi mbili kwa niaba ya kila anayepita.

Nimemwandikia Mkuu wako rasmi. Nimemweleza kwamba karani mdogo wa idara, ambaye faili langu halimhusu, amekuwa akinidai kwa barua binafsi kitu ambacho hakimo katika tangazo, na kwamba naona ni ukorofi wa kutaka kunivuruga kabla ya usaili. Sikutaja undugu, ulikwisha kuutaja wewe kwa mbio. Barua imeondoka jana kwa rejesta, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye rundo lako la asubuhi. Itasainiwa na yeye mwenyewe.

Labda sasa utajifunza kuacha kazi za watu.

Mwombaji.


6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bibi ameondolewa bandeji. Anaona. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba dari inahitaji rangi.

Mkuu aliniita juzi. Ofisi yake ina zulia linalomeza sauti ya viatu, kwa hiyo mtu huingia mle kama anayenyemelea hata asipotaka. Barua yako ilikuwa mezani, imekunjuliwa, na juu yake ameweka miwani. Aliniuliza kama ni kweli nilikudai mfano. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kwa nini.

Hapo, Shangazi, nilikuwa na jibu moja la kweli, na jibu hilo lingenitoa nje ya jengo kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nilitazama zulia. Nililitazama hadi Bi Muhtasari, aliyekuwa akiandika kila kitu pembeni, aliinua kichwa kuona kama nimezimia. Mwishoni nikasema, "Nilidhani mfano ungesaidia, mzee." Mkuu akasema, "Kumsaidia nani?" Nikasema ofisi. Akasema ofisi ikihitaji msaada wangu itaniomba.

Nimepewa onyo la maandishi. Muda wangu wa majaribio umeongezwa. Ukija onyo la pili la ukorofi nitahamishiwa stoo ya vitabu vya zamani, ambako hakuna dirisha. Likiwa kosa la aina nyingine, sitahamishwa popote. Mchana Bi Muhtasari alipita mezani kwangu akasema, "Kijana, una ndugu wa nguvu." Hakuwa ananisifu.

Unaweza kuyafuta malalamiko hayo kwa mstari mmoja. Nakuomba uyafute. Na baada ya hapo nakuomba usiniandikie, kwa sababu kila barua yako naificha siku nzima kabla ya kuifungua, na sidhani ndugu wanapaswa kuwa hivyo. Wewe ulisema naogopa kukosea. Umenionyesha kwamba hata nisipokosea nina haki ya kuogopa.

Mwanao, kwa jinsi karatasi zinavyosema.


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu.

Jicho la Mama linaendeleaje? Anasoma? Analalamika kwa mwanga? Waambie wamnunulie miwani ya jua, asivae ile ya baba yako ya kuchomelea vyuma. Na mgongo wa kaka yangu? Na hiyo dari, mlipaka rangi gani? Mimi nilikuwa naipenda ya zamani, yenye doa la mvua lililofanana na sungura.

Hapa ni joto. Printa imeharibika, kwa hiyo chumba kimekuwa kimya na sijui nifanye nini na ukimya wenyewe. Fundi alikuja akaitazama, akasema tatizo halimo ndani yake.

Kuhusu lile jambo lako: sina mfano wa kukutumia. Usiuombe tena.

Malalamiko sijayafuta.

Shangazi.


2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Nilisema usiniandikie, na sasa mimi ndiye naandika. Bibi anasoma gazeti lote, hata matangazo ya viwanja, na anatusomea kwa sauti. Dari tumeipaka nyeupe. Sungura hayupo tena, samahani.

Usaili wako niliusikia. Nilikuwa kwenye benchi na jagi langu. Sauti yako ilitoka kwenye kipaza sauti cha simu ya mezani, kavu kidogo, lakini ilikuwa wewe. Profesa Kwahiyo hakukupa hata nafasi ya kumaliza salamu. Akasema, "Kwa hiyo, tuonyeshe mfano mmoja." Nilishika sinia kwa mikono miwili.

Ukasema, "Hakuna."

Akasema, "Hukuutayarisha?"

Ukasema, "Hakuna wa kutayarishwa. Haupo. Asubuhi hii nimewatumia uthibitisho kwamba haupo, umekaguliwa na kompyuta kama ule wa kwanza."

Halafu ukawaeleza, kwa sauti ile ile uliyotumia kunifundisha kugawanya. Kwamba sharti lako la pili linakataza sehemu yoyote ya programu kuanza kabla haijapewa ruhusa na sehemu nyingine iliyokwisha kuanza. Kwamba sharti lako la nne linataka programu iwe na mwanzo. Kwamba uliyaandika kwenye kurasa tofauti, katika miaka tofauti, kila moja likiwa na busara yake, na ukiyaweka pamoja hakuna anayeweza kuwa wa kwanza, kwa hiyo hakuna kitakachoanza. "Programu zangu hazikwami," ulisema, "kwa sababu hakuna hata moja. Kompyuta ilikuwa sahihi. Iliulizwa kama wote wanapita salama, ikajibu ndiyo. Haikuulizwa kama kuna mtu."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia kwa kucheka. Profesa Kwahiyo alitoka baadaye na kunywa glasi yangu, ile niliyokuwa nimejimiminia mwenyewe. Akasimama pale akitazama ukuta. Akasema, bila kuanza na neno lake, "Huyu ndiye aliyepaswa kupata." Halafu akaingia ndani wakampa mwingine.

Barua ya kukukatalia nimeichapa mimi. Nilimkumbusha Mkuu kwamba wewe ni shangazi yangu. Akasema undugu unanizuia kuhukumu, haunizuii kuchapa. Nimeichapa bila kosa. Nilitaka ujue hivyo kabla hujaona herufi za mwanzo za jina langu chini kabisa, karibu na namba ya faili.

Sasa jambo lenyewe. Ulipomaliza, Mkuu aliuliza, "Alijuaje kwamba tutamwuliza mfano?" Kisha nikasikia droo ikifunguliwa. Ilikuwa barua yako ya malalamiko. Alisoma kwa sauti ile sentensi ya karani anayedai mfano. Bi Muhtasari akasema, "Kumbe." Neno hilo tu.

Bado hawajaniita. Mkuu amekuandikia, rasmi, akikuuliza kama nilikudokezea swali la usaili. Bahasha hiyo niliibandika stempu mimi. Itafika pamoja na hii, au kabla yake.

Ndiyo, nilikudokezea. Nilijua swali, na kila njia niliyoiona ya kukuambia bila kukuambia nilijaribu, na wewe ukaita ukorofi. Ukapeleka malalamiko kwa rejesta. Tangu lini ulijua kwamba hakuna mfano? Julai ulikuwa unaniuliza habari ya miwani ya jua. Ulikuwa umekwisha kujua, sivyo? Na bado hukuuandika ule mstari mmoja wa kufuta malalamiko.

Sikuombi useme uongo. Ninakueleza tu kwamba kazi yangu iko kwenye kalamu yako, na kwamba katika maisha yangu sijawahi kuogopa kalamu ya mtu kiasi hiki.

Mwanao.


20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha mbili za ofisi na yako moja zilifika siku moja. Ya kunikatalia ina adabu kuliko zako zote. Umeichapa vizuri.

Julai nilijua. Mei nilikaa chini kukutengenezea mfano wa kukufunga mdomo, wa mistari michache, nikaurushe usoni pako. Nilidhani ni kazi ya kabla ya chai. Juni nilikuwa bado nautafuta. Mengine usiniulize, umeyasikia mlangoni, na sitayarudia kwa mtu wa benchi.

Kuhusu kufuta malalamiko. Fikiri, kama unaweza kufikiri bila kutetemeka. Nikiyafuta, wataniuliza kwa nini. Sababu ni moja tu, nayo ndiyo inayokufukuza. Kwa hiyo hayafutwi. Nimemjibu Mkuu wako hivi, na nakunakilia ili mkikutana uso wako usishangae:

"Karani huyo hakunidokezea swali lolote la usaili, wala sidhani ana uwezo wa kulitambua swali akikutana nalo. Alining'ang'ania mfano kwa ukaidi wa mtu aliyelisikia neno mahali akalipenda. Nilipomhoji sababu, alinisimulia habari za viatu na tai. Nimemwona kuwa mzito, mjeuri, na mwenye unyenyekevu unaokera. Malalamiko yangu ya Mei nayasisitiza, na naomba aonywe tena. Kuhusu maandalizi yangu, niliwahi kuwa mwanafunzi wa profesa wenu, na sikuhitaji karani kunifundisha anavyouliza."

Hilo la mwisho ni kweli nusu. Nilikuwa mwanafunzi wake, lakini siku hizo alikuwa hajaanza kuuliza. Alikuwa bado anajibu.

Watakupa onyo la pili na watakupeleka stoo. Nenda. Ukiitwa, inamisha kichwa na usijitetee. Usiseme neno moja la akili mbele ya yule mama anayeandika. Mjeuri huhamishwa, mdokezi hufukuzwa, na mimi kati ya hayo mawili nimekuchagulia. Ukinichukia itasaidia, itaonekana usoni na watakuamini.

Nimeomba hapa waniongeze mwaka mmoja. Watakubali, kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kukaa na printa. Desemba siji. Mama nimemwandikia mwenyewe, wewe usimweleze kitu. Mrudishieni kaka yangu chumba chake.

Barua hii ichane ukimaliza. Na usinijibu. Najua ulivyo, utataka kunishukuru, na barua ya shukrani ni ushahidi.

Dada wa baba yako.